Fotokopi ya Akteri

Mwezi uliopita mwanangu alinitafutia filamu kwenye simu yake, ile niliyokuwa nikimsimulia vipande vipande bila kujua jina lake: mtu anaingia ndani ya kompyuta kumtafuta binti yake, na mlango unajifunga nyuma yake. Aliipata kabla chai yangu haijapoa. Nikavaa miwani, nikaitazama yote, pamoja na mwisho ambao sikuwahi kuuona. Kumbe yule anayekufa katikati ni nakala tu. Akteri mwenyewe anatoka mzima, anamkumbatia binti yake, muziki unapigwa. Rafiki yangu, nilikasirika hata nikamrudishia mtoto simu yake bila kusema asante. Sogea nikueleze kwa nini.

Kwanza uelewe neno lenyewe. Kwetu Bukavu, tulipokuwa watoto, akteri hakuwa kila anayeigiza. Akteri alikuwa mmoja tu katika filamu nzima, shujaa wake. Wengine walikuwa shefu-bandi, yaani mkuu wa majambazi, watu wake, rafiki ya akteri, na polisi wanaofika mambo yakiwa yamekwisha. Sheria zilijulikana hata na mtoto anayenyonya. Rafiki ya akteri, akishaonyesha picha ya mchumba wake, hesabu amekufa. Shefu-bandi akimkamata akteri lazima ahutubie kwanza, na hotuba ndiyo itakayomponza. Na juu ya yote, akteri hakufake, yaani hafi kamwe. Tuliisema hivyo tukiwa tumekaza vichwa, na aliyebisha alitolewa kwenye benchi.

Chumba chetu cha video kilikuwa Nyalukemba, upande wa kuteremkia ziwani. Mabati juu, mabenchi ya mbao, blanketi zito dirishani, na jenereta nje ikikohoa. Mlangoni mama mmoja alikaanga sambaza, na harufu ya samaki wale na pilipili iliingia ndani ikachanganyika na ya petroli. Hata leo nikipita kwenye pampu ya petroli mate yananijaa mdomoni, usinicheke. Jumapili, baada ya misa, baada ya kuteka maji na kusugua sufuria kwa majivu, maman alituruhusu, mimi na kaka yangu mkubwa. Nilimshika shati kwa nyuma njia nzima ili nisipotee, ingawa njia niliijua kuliko yeye.

Ndani alitungoja mfasiri. Tulimwita tonton, yaani mjomba. Alisimama kando ya televisheni na fimbo mkononi, akisema kwa Kiswahili yote yaliyosemwa kwa Kiingereza au Kichina, lugha mbili ambazo hakuzijua hata kidogo. Nani alijali? Shefu-bandi wake alizungumza kwa ukali wa mtoza kodi wa sokoni. Mama mkwe wa akteri, awe mzungu au Mchina, alizungumza Kimashi, lugha ya bibi zetu. Tulicheka mpaka mabenchi yakayumba.

Filamu ile ya kompyuta ilitutatiza sote, yeye akiwa wa kwanza. Kompyuta tulikuwa tumeiona moja tu, kwa mapadri, imefunikwa kitambaa cha kufuma. Sasa tunaambiwa ndani yake kuna mji! Mji usio na jua wala mti, barabara zake taa tupu, watu wana namba vifuani, na mlango wowote ukiufungua unakurudisha chumba kilekile. Anayekufa hatoi damu, anabomoka vipande vidogo vya mwanga na kuzimika. Shefu-bandi hana uso, ni sauti tu. "Tonton, shefu-bandi iko wapi?" mtoto mmoja aliuliza. "Iko kila fasi," akajibu, na nilimwona akijikuna shingo, maana utampigaje mtu wa namna hiyo?

Mbingu ilikuwa imefunga. Kaka aliniinamia sikioni. "Naenda kutosha mihogo ku inje, mvua inakuya. Bakia apa. Akteri akitoka, utanielezea vile alitoka." Maman alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, na mihogo yetu ilikuwa imeanikwa uani, ikihitaji kuanuliwa. Akatoka akiruka miguu ya watu.

Hakupita muda, akteri akapigwa. Mbele ya macho yetu alibomoka vipande vya mwanga, akazimika. Hatukupata hata nafasi ya kupiga kelele. Milio ilianza mjini. Sisi wadogo tulidhani ni radi, lakini tonton alijua ni risasi. Alikimbia nje, akazima jenereta, akamvuta mama wa sambaza ndani na kupiga komeo. Kioo kikawa cheusi. Tulilala sakafuni, mtu juu ya mtu, na giza lile la blanketi saa za mchana lilinikaba kuliko giza la usiku. Nilitambaa mpaka mlangoni nimfuate kaka. Tonton alinishika gauni. Nilimuuma mkono, hakuniachia.

Kisha mtoto mmoja akalia kwa sauti: "Akteri amekufa!" Wengine wakaitikia kilio. Nje miguu ya watu ilikuwa ikikimbia karibu kabisa na ukuta, na tulikuwa tukipiga makelele.

"Munyamaze," tonton akanong'ona. "Munyamaze niwaambie. Ule haikuwa akteri. Ilikuwa fotokopi."

Tukanyamaza. Fotokopi tuliifahamu. Karibu na shule palikuwa na baba mmoja chini ya mwavuli na mashine yake, aliyetoa karatasi mbili zinazofanana hata madoa.

"Mu ordinateri hawaingizake mutu muzima," akaendelea polepole, akiiita kompyuta kwa jina la Kifaransa. "Wanaingiza fotokopi. Orijinali iko mu chumba, wamemufungia. Mulango ule haufungukake na mukati. Mupaka mutu wa inje amwite jina yake." Akasimulia hivyo, akibuni mitaa na vyumba, akimpitisha akteri mlango hadi mlango, mpaka milio ikahama mbali na kunyamaza. Hakuwa amewahi kuiona filamu ile, nami sikulijua hilo. Mimi nilikuwa nikisikiliza kwa ajili ya kaka, niweze kumweleza.

Kaka walimkuta karibu na nyumba, beseni la mihogo kando yake. Risasi haikumtafuta yeye, walisema watu wazima, kana kwamba hilo linasaidia.

Walimlaza sebuleni. Wanawake walikaa kwenye mikeka, maman katikati yao. Nikapita katikati ya magoti, nikafunua shuka, nikamtazama vizuri. Kisha nikamshika maman bega. "Maman, usilie. Hii ni fotokopi. Orijinali iko mukati."

Shangazi yangu alicheka, si kwa furaha, akajiziba mdomo na kitenge. Maman alinitazama, na machozi yake yakakatika palepale.

Yakakatika, na hapo ndipo shida ilipoanzia. Baada ya maziko, kila alasiri nilisimama mlangoni kwetu nikaliita jina la kaka, kwa sababu mlango haufunguki mpaka mtu wa nje amwite. Niliweka sahani yake pembeni ya bugali na sombe ya majani ya muhogo, nikagombana na yeyote aliyeiondoa. Maman akijaribu kulia jikoni, nilimfuata kumkumbusha kwamba analilia karatasi. Majirani walipoleta pole niliwaambia warudi nazo. Maskini maman, alifungiwa nyumbani mwake na mtoto mwenye hoja. Alikonda, akaacha kwaya, akazoea kuvumilia jina la mwanawe likiitwa mlangoni bila jibu. Mvua ziliisha, zikarudi.

Siku moja alijifunga kitenge akaenda mwenyewe chumba cha video. Mama wa sambaza ndiye aliyenieleza baadaye alichosema, mbele ya watu wote, filamu ikiendelea: "Ni wewe ulimuingiza mule. Ukuye umutoshe." Yaani mimi, aje anitoe ndani ya filamu ile.

Tonton alikuja bila fimbo. Alikaa uani kwenye kigoda, akakataa chai, akaniomba niketi, mimi nikiwa namenya viazi. Akaanza filamu upya kwa sauti zote, pamoja na ile isiyo na uso. Nilifurahi kupita kiasi, nikajua amekuja kunionyesha mlango. Alipofika pale akteri anapobomoka, akasimama.

"Na hii ni fotokopi," nikamsaidia.

"Hapana. Ile siku nilibeya, niliwadanganya. Nilitaka munyamaze. Ilikuwa yeye."

"Akteri hakufake!"

"Anakufaka, mutoto yangu. Ule alikufa. Film yake iliishia pale."

Nilimtupia kiazi. Nikamtupia na kingine, naye hakukinga uso. Nilipokosa cha kutupa, nililia, kwa mara ya kwanza, kilio kilichonitoka tumboni. Maman, aliyekuwa amesimama nyuma ya mlango wa jikoni, aliangua kilio chake akaanguka chini uani, akamwita mwanawe kwa jina lake na kumuuliza amemwacha na nani. Majirani wakaja mbio na mikeka kana kwamba msiba umeingia saa ile. Na kweli kwetu uliingia saa ile. Tulimlilia kaka mpaka jua likazama, na jioni ile maman akala.

Tonton hakufasiri tena. Walisema alielekea Shabunda kwenye dhahabu, na mimi sina habari nyingine. Hakujua kwamba uongo wake ulikuwa kweli ndani ya filamu, na hiyo ndiyo hasira yangu: akteri alitoka, kaka hakutoka. Chumba kile kilibomolewa, pana nyumba ya ghorofa sasa, na maji ya ziwa yanaonekana kwenye madirisha yake tu. Neno akteri mwanangu halitumii kwa maana yetu. Anatazama peke yake, masikio ameziba kwa waya, na filamu ikimtisha anaruka mbele aone mwisho. Ni mtoto mwema, simlaumu. Ila nikimwona amejikunja pale kwenye pembe ya kitanda, uso wake umewaka mwanga wa buluu, huwa najiuliza siku akifungiwa mahali, mimi nitajifunga kitenge niende kumwita nani.