Majivu ya Kihenge

Nilikuwa na miaka minane nilipoifukuza mvua. Hivyo ndivyo nilivyoamini, na sikumwambia mtu.

Kijiji chetu kiko karibu na Tura, wilayani Uyui. Nyumbani tulikuwa baba, mama, mimi na bibi mzaa baba. Tulikuwa Wamoraviani wa kila Jumapili, lakini nyuma ya jiko palikuwa na kihenge cha mtama cha bibi, na kihenge hicho kilikuwa na mwiko wake. Mtama ule ulikuwa akiba ya mwaka wa njaa. Mtu mwingine akichungulia ndani, alisema bibi, nafaka hugeuka majivu na mvua huenda zake. Hata baba, aliyekuwa akisoma Biblia kanisani kwa sauti nzito, hakuwahi kuegemeza ngazi pale.

Mwaka huo mahindi yalinyauka kabla ya kufika magotini. Unga wa mama ulikuwa mchache lakini hauishi, na hakuna aliyejiuliza kwa nini. Mimi nilikuwa na njaa ya kitoto, ile isiyosikia la mtu. Mchana mmoja, bibi akiwa kisimani, nilipanda nikainua kifuniko cha nyasi. Chini kabisa kulikuwa na majivu matupu, yenye alama za vidole.

Nilirudisha kifuniko nikashuka. Nilikuwa nimeua chakula cha watu wote kwa macho yangu mawili.

Wiki ileile akaja mnunuzi wa ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe wanne, bado wana nyama. Baba alimpa kiti, akamsikiliza, kisha akatikisa kichwa.

"Anayeuza sasa ni mwenye shida. Mimi kihenge cha mama bado hakijaguswa."

Bibi alikuwa kwenye kigoda, akichambua majani makavu ya mlenda. Aliinamisha kichwa, akaendelea kuchambua. Mimi nilisimama mlangoni, maneno yamenijaa mdomoni, nikayameza. Nikisema, watajua ni mimi.

Mwezi uliofuata ng'ombe walianza kufa. Alikufa mmoja, kisha wawili siku moja, na yule wa mwisho hakuna aliyemtaka hata bure. Ndipo baba alipochukua ngazi. Aliposhuka, mikono yake ilikuwa imejaa majivu.

"Mama, mtama uko wapi?"

"Mmeula, mwanangu. Kila alfajiri nilikuwa naongeza kwenye unga wa mkeo. Uliisha kabla mnunuzi hajaja."

"Na ulinisikia nikimkatalia."

"Niliogopa mkijua hakuna, mtakata tamaa."

Baba alikwenda Urambo kufanya kibarua kwenye mashamba ya tumbaku. Alirudi mvua ziliponyesha, akalima, akamletea bibi sukari na khanga mpya. Lakini hakumwamkia tena. Kila asubuhi bibi aliketi pale baba anapopita, akainua uso, marahaba yake iko tayari, na baba akapita. Bibi alifariki kabla mahindi hayajakomaa, bila kuisikia ile shikamoo. Mpaka leo jambo hilo linaniuma kuliko ng'ombe wote.

Siku hizi mimi ni bibi shamba, huko huko Uyui. Chuoni tulifundishwa kwamba wazee walichanganya mtama na majivu kuzuia wadudu, na mtama ukiisha majivu hubaki chini. Nililia darasani, wenzangu wakadhani nimepata msiba.

Ukame ukinukia, kazi yangu ni kupita nyumba kwa nyumba tupime chakula kilichopo, ili wenye mifugo wauze mapema. Msimu uliopita, katika kijiji kimoja mbele ya Isikizya, nilimkuta bibi mmoja amesimama mbele ya kihenge chake. Mwanawe, mwenye ng'ombe sita, alicheka.

"Hapo hatupandi, dada. Ni mwiko wa mama."

Nilikigonga kwa kiganja. Mlio wake ulikuwa wa kitu kitupu. Bibi akanisogelea.

"Umeshajua," alininong'oneza.

"Nimejua, bibi."

"Basi waachie moyo wao, mjukuu wangu."

Nilimpenda saa ile kama nilivyompenda bibi yangu, na nilijua ninachokwenda kumfanyia. Nikamgeukia mwanawe.

"Kihenge ni kitupu, kaka. Peleka ng'ombe mnadani wiki hii, wakiwa bado wana nyama."

Akapanda kuhakikisha, akashuka. Ng'ombe wanne waliuzwa.

Niliporudi baada ya mwezi, ndani mlikuwa na magunia ya mahindi na watoto walikuwa wakila. Bibi alikuwa ameketi nje peke yake. Nikapiga goti.

"Shikamoo, bibi."

Alitazama pembeni. Ningerudishwa siku ile, ningemwambia mwanawe vilevile. Lakini nilibaki nimepiga goti kwenye vumbi lile, uso nimeuinua, nikingoja marahaba.