Jimunastiki Tuliyogawana Kambini

Miaka ile tulipokuwa kambini, pembeni ya Goma, asubuhi yetu haikuanza na jogoo. Majogoo yote yalikuwa yamekwisha kuliwa. Ilianza na sauti ya mke wangu akinivalisha shati.

"Leta mukono, papa. Si huo! Ule mugonjwa kwanza. Polepole, utapasua!"

Nyumba zetu zilikuwa za shitingi, ile plastiki nyeupe wanayopewa wakimbizi, na shitingi haifichi neno. Kambi nzima ilijua saa ambayo mimi, muzee mwenye ndevu, ninaingizwa mukono ndani ya shati kama mutoto wa kunyonya. Jirani wa upande wa kushoto, mama mumoja mujane, alikuwa akiuliza akiwa kwake, "Ameingia?" Na mke wangu anamujibu, "Bado kichwa!"

Mukono wenyewe ni wa kuume. Maisha yangu yote nilisukuma chukudu, ile pikipiki ya mbao isiyo na motere, nikishuka nayo kutoka Masisi na makabichi mpaka soko la Birere. Watu wanasema chukudu inaharibu mutu. Hapana. Chukudu haikunifanya kitu. Kilichoniharibu ni kukaa. Vita vilitushusha mulimani, chukudu ikabaki huko, sijui nani aliifanya kuni ya kupikia maharagi, na mimi nikawa mutu wa kukaa juu ya mawe ya volkano na kulala juu ya mawe ya volkano, bega lilelile chini kila siku. Mwisho bega likakataa. Mukono ulipanda mpaka usawa wa kifua, halafu basi, kama mulango ambao mutu ameufunga kwa ndani.

Ningevumilia. Lakini binti yetu, aliyekuwa akiuza ndizi Birere, alipata muchumba wa Bunagana, na wakwe wakatuma neno kwamba watakuja na mbuzi. Watatukuta wapi? Tulikuwa na chumba kimoja, kifupi cha kuingia umeinama, na pale juu palipotoboka tumeziba na kipande cha gunia. Na kwetu mukwe hakuoni tumbo wazi. Akikuona unavalishwa na mwanamuke, heshima imekwisha, hata walete mbuzi kumi. Nikajiambia: kabla hawajafika, lazima nivae shati mwenyewe.

Ndipo akaja dokta. Binti mudogo wa mutaa wa Mabanga, aliyesoma mpaka mbele kabisa, na jile ya buluu mwilini, ile fulana isiyo na mikono ya watu wa misaada, na mashine ndani ya sanduku. Sasa sikia. Kambini, mutu akija na jile na kuuliza majina, huyo analeta kitu: unga, mafuta, sabuni. Hatukuwahi kuona mwenye jile aliyekuja kuangalia tu. Kwa hiyo aliposema anatafuta watu wenye mugongo au mabega yaliyokauka, kambi yote ilikauka palepale. Mke wangu, mwenye mugongo ulionyooka kama mukaratusi, alifika mbele yake akichechemea muguu wa kushoto, akatoka akichechemea wa kulia.

Dokta alitueleza vizuri. Chini ya ngozi, alisema, kuna ngozi ingine nyeupe, nyembamba, inayofunga kila nyama ya mwili na kushikamanisha zote, kutoka kisigino mpaka kichwani. Wenye elimu waliitupa miaka mingi wakidhani ni karatasi ya kufungia tu. Sasa wanaichunguza. Inatakiwa kuteleza. Mutu akikaa bila kutembea, au akiishi amejikunja kwa woga, inakauka, inashikana.

Mimi hiyo ngozi nilikuwa naijua tangu zamani. Ni ile ya mushikaki wa mbuzi, inayokwama katika meno. Kuna mushikaki mumoja nilikula Birere kabla ya vita, nilitafuna mpaka nikafika nyumbani Masisi, nikiwa nasukuma chukudu. Lakini tuache.

Alitupitishia mashine begani, tukaona ndani yetu mistari myeupe kama mawingu. Halafu akaleta beseni yenye jeton, vile vidude vidogo vya plastiki, mutu anavuta kimoja bila kuangalia. Wa jeton ya buluu watafundishwa jimunastiki ya kulegeza. Wa jeton nyeupe watapimwa tu, ili mwishoni alinganishe.

Mke wangu, ambaye haumwi popote, akavuta buluu. Mimi nikavuta nyeupe.

"Dokta," nilimwambia, "mimi ndiye mugonjwa. Huyu anachechemea kwa kupenda."

"Papa, ni bahati. Ndivyo utafiti unavyofanyika."

Nilirudi nyumbani nimenuna. Mke wangu akarudi kutoka somo lake la kwanza. Akasimama mulangoni, akasema, "Haya, simama. Nimekuletea."

"Umeleta nini?"

"Jimunastiki. Kwani siku jina lako lilisahauliwa kwa unga, ulilala njaa? Si jirani alileta mukebe wake? Hatujakula peke yetu tangu tukimbie. Simama!"

Zoezi langu lilikuwa kupandisha vidole ukutani, kama buibui. Lakini shitingi si ukuta. Ukiisukuma, nyumba inakwenda. Mbao imara kambini zilikuwa za choo tu. Basi kila asubuhi nilisimama kwenye mulango wa choo na kupanda kwa vidole.

"Nani anakwaruza?" mutu wa ndani analia.

"Ni mimi. Usijali, niko napanda."

"Unapanda wapi, muzee? Mimi niko ndani!"

Nyuma yangu watu wa kungojea choo wanalalamika, na kati yao wa jeton nyeupe wanauliza, "Muzee, hiyo ni ya bega? Ya kiuno je, nani anayo?" Yule mujane alikuwa nayo. Yeye alipata buluu, akaigawa kuliko mutu wa mahubiri. Asubuhi zilipofuatana, kambi nzima ilikuwa ikijinyoosha nyuma ya vyoo, na vidole vyangu vikafika usawa wa pua.

Dokta aliporudi na mashine yake, alipima wa buluu, akafurahi. Akapima wa nyeupe. Akapima tena. Akaketi juu ya bidoni, dumu la maji.

"Nyinyi wa nyeupe, mumelegea pia. Nani aliwapa jimunastiki?"

Tukaangalia mawe. Mujane akajibu, "Majirani, mwanangu."

"Lakini mama, upande mumoja ulitakiwa kubaki bila kitu! Sasa nitalinganisha nini?"

"Dokta, wewe uliona kambi gani upande mumoja unakula, mwingine unaangalia?"

"Professa wangu nitamwambia nini?"

"Mwambie tulishiba wote."

Dokta akaficha uso katika mikono. Tulidhani analia. Alipouondoa, alikuwa akicheka mpaka machozi, akasema hiyo ndiyo atakayoandika, na tuendelee, tusiache.

Wakwe walisema watafika muchana. Walipata lori la viazi lililotoka Bunagana usiku, wakafika jua likitoka tu. Nikasikia mbuzi inalia kwetu nje, na mimi sina shati. Mke wangu alikuwa ameenda kuchota maji. Nilipiga magoti, nikaingiza kichwa katikati ya shati, nikaingiza mukono, nikausukuma juu. Ukapanda. Ukapita kifua, ukapita pua, ukapita sikio. Nilifurahi mpaka sikuusimamisha. Nikasikia lile gunia la juu linaachia, na baridi ya asubuhi kwenye vidole.

Baba wa muchumba ni mutu wa adabu. Aliona mukono unatoka kwenye paa la nyumba, akamupa mwenziwe kamba ya mbuzi, akaushika kwa mikono yake miwili.

"Jambo, papa."

"Jambo sana," nilijibu ndani ya shati. "Karibuni."

Na yule mujane, bila kutoka kwake, akauliza kama kila siku, "Ameingia?"

Mke wangu alikuwa anafika na bidoni. Nikamusikia anasimama, halafu anaita, "Leo ametoka!"