Wanataka Shemeji Yangu Aanguke Tena

Wasomaji wa ukurasa huu, salamu. Jina langu lifichwe, maana hapa Voi nikitajwa tu watu huanza kucheka, na leo sitaki kuchekwa. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tatu, mzaliwa wa Ronge. Mimi na shemeji yangu, mume wa dada yangu, tumefanya vichekesho pamoja tangu alipokuja kuposa kwetu. Utani wa mashemeji ndio uliotutoa nyumbani ukatupeleka kwenye kambi za mkonge, harusini, stesheni, kote. Mimi ndiye mjanja, yeye ndiye mjinga anayeanguka.

Mwaka huu watu wa sinema wakaja na kamera yao. Tukakubaliana kwamba hii ndiyo ya mwisho, tukimaliza tunapumzika, tumezeeka. Ilibaki sehemu moja tu. Gari limezimika kwenye mwinuko kule Mraru, mimi nimekaa ndani kama bwana mkubwa, yeye anasukuma mpaka anaanguka.

Akasukuma. Akaanguka. Watu waliosimama barabarani walicheka wakashika mbavu, bwana wa kamera akapiga makofi. Mimi peke yangu sikucheka. Huyu mtu namjua: haanguki kabla hajaishika kofia yake, ndio mchezo wake. Siku hiyo kofia ilitangulia chini. Niliruka kutoka garini nikamkuta midomo imepauka, mkono umebana kifua. Akaninong'oneza, "Cheka, shemeji. Cheka, wanatuangalia." Nikacheka, Mungu anisamehe.

Tulikwenda hospitali kwa siri, dada yangu akidhani tuko mazoezini. Dakta akasema ni moyo, hata ndoo ya maji asibebe. Kumbe na ile picha haikutoka, jua lilikuwa limeshuka mno! Watu wa sinema wanarudi mwisho wa mwezi. Bwana wao ameniambia, "Mwambie aanguke vile vile. Hajawahi kuanguka vizuri namna ile."

Nilimsihi shemeji tuwaambie ukweli, au basi nisukume mimi. Akaniangalia weee! "Wewe? Wewe hujawahi kuchekesha hata kuku." Kisha akawa mkali. "Michezo yetu yote imepotea na upepo. Hii moja itabaki, wajukuu wanione. Ukimwambia dada yako, usiniite shemeji tena." Nilipandwa na hasira, nikamwambia kumbe yeye ni mjinga wa kweli, si wa mchezo. Akacheka mpaka akakosa pumzi, akashika ukuta.

Jana dada yangu alinijia nyumbani. "Ndugu yangu, mbona mwenzangu siku hizi analala ameketi?" Nikamjibu ni uzee tu. Hakuniamini. Tumenyonya ziwa moja, nikidanganya ananijua. Aliondoka bila kuniaga.

Tena niseme yote: hata mimi naitaka hiyo sinema. Naitaka sana.

Nishaurini jamani, hasa nyinyi wenye dada. Nikisema, nitakuwa nimemzika mtu akiwa hai. Nikinyamaza, siku hiyo nitakuwa nimekaa ndani ya lile gari, namsikia nyuma yangu akisukuma, watu wanacheka, nami sitajua kama ni mchezo. Nifanye nini?