Kichwa cha Mjukuu Wangu

Mjukuu wangu alizaliwa na kichwa kikubwa. Nasema wazi kwa sababu siku zile hakuna aliyethubutu kusema, isipokuwa mkunga, aliyekipima kwa futikamba, akarudia, kisha akatutaka twende hospitali kule Bordesley Green kikapigwe picha. Miadi ikawa mbali. Binti yangu akaanza kumvisha mtoto kofia hata ndani, na hita inawaka.

Ikabaki akika. Kwetu Unguja mtoto hunyolewa nywele alizokuja nazo duniani, watu wakamwombea. Binti yangu akakataa.

"No, Mama. Akinyolewa kila mtu ataona. Wata-stare tu."

Nilitaka kumgombeza, lakini nilimwona machozi yanamlenga, nikampokea mtoto.

Jirani yetu hapa Ladywood, mtaa wetu wa ughaibuni, ni Myoruba, mwanamke wa vicheko vikubwa. Alikuja kumwona mtoto, mkononi ana sanamu ya mti aliyoachiwa na mama yake: mwanamke amepiga magoti, kichwa kinakaribia theluthi ya mwili, miguu midogo ya kutia huruma. Mimi na masanamu hatupatani. Nilimwonyesha meza iliyo mbali na mswala wangu, akacheka, akaiweka.

Binti yangu akauliza kwa nini kichwa kiko vile. Jirani akaeleza kwamba wachongaji wa kwao hukikuza makusudi. Ndani yake mna kichwa kingine kisichoonekana, ambacho mtu alikichagua mwenyewe kabla ya kuzaliwa, na bahati yake yote imo humo.

"Huyu wenu," akasema, "hakuchagua kwa ubahili."

Nikamwambia sisi twaamini riziki anaiandika Mungu. Akasema sawa, dada, lakini nipe nimshike. Akamvua kofia bila kuomba ruhusa, akamwekea kiganja utosini, akanong'ona kwa lugha yake. Sikujua anamwomba nani, na nilimpenda sana saa ile.

Baada ya siku chache binti yangu akaniambia nialike watu. Picha ya hospitali ilikuwa bado. Sebule ilijaa, udi unafuka, nikamnyoa kwa mkono wangu. Kichwa kikaonekana chote, kikubwa kweli, na wageni wakakikodolea macho. Binti yangu akampakata mwanawe, akampeleka kwa mgeni wa kwanza, kisha wa pili, hadi wa mwisho.

"Mshikeni kichwa," akawaambia. "Naogopa. Niombeeni."