Soksi za Sufu na Behewa la Mwisho

Kwanza niliusikia mlio: chuma kikiachana na chuma, kishindo kimoja kizito chini ya miguu yangu, kisha mfoko mrefu wa upepo. Treni ilikuwa imesimama katika kituo kidogo kusini mwa Ujerumani, saa tano na dakika tano asubuhi, siku ya Ijumaa. Nilitazama dirishani. Nusu ya mbele ya treni yetu, iliyowabeba rafiki zangu wawili, masanduku yote na pasipoti yangu, ilikuwa inaondoka bila mimi.

Sababu ya safari ile ilikuwa Mwanaisha. Tulikuwa tukiishi watatu katika chumba kimoja Dubai, mtaa wa Al Muraqqabat: yeye wa Mombasa, mpokea wageni katika hoteli ndogo ya mtaa wa pili, Rukia wa Dar es Salaam, muuza manukato, na mimi, Salha, mwanafunzi wa uzamili. Nyuma ya mlango wa kabati tulibandika ramani ya reli za Ulaya, na kwa miaka miwili, tukishaosha vyombo, tuliifuata kwa kidole: Munich, Salzburg, Vienna, Budapest. Mkataba wa Mwanaisha ulipokaribia kwisha, naye akawa anarudi kwao kuolewa, alisimama mbele ya ramani akasema, "Ni sasa ama basi. Mie nikishaondoka, nyinyi hiyo ramani mtafungia mahamri."

Kikwazo kilikuwa changu peke yangu. Baba, aliyeko Tanga, aliniruhusu kusoma Dubai kwa neno la dada yake. Shangazi Zuwena aliolewa Unguja, akahamia Dubai na mumewe kabla sijazaliwa, na ndiye aliyemwambia Baba, "Mtoto yuko mikononi mwangu." Kila Ijumaa nilikula kwake, mtaa wa Al Twar. Na nyumbani kwa Shangazi hakuna asafiriye bila kuaga: yeye husimama mlangoni, huuinua msahafu kwa mikono miwili, na msafiri hupita chini yake mara tatu. Mimi nimepitishwa hata nilipokwenda Sharjah kwa semina ya siku mbili.

Niliogopa kwamba angekataa. Niliogopa pia kwamba angekubali, kisha Baba akasikia, na neno la Shangazi likakosa thamani mbele ya kaka yake. Niliyapima hayo mawili kwa wiki tatu, nikaishia kufanya jambo la tatu ambalo sikulipima hata kidogo: nilimdanganya. Nilimwambia kwamba ningejifungia maktaba siku tisa kumalizia tasnifu. Nikamwomba na soksi za sufu za marehemu mumewe, kwa sababu kiyoyozi cha maktaba ni kikali. Alizitoa kabatini zikinukia udi.

"Sufu, na joto la Juni hii," alisema, akanikabidhi.

Jumatano mchana tuliondoka. Nilipofunga sanduku sikuuona mtandio wangu wa zambarau, na sikuwa na muda wa kuutafuta.

Munich tulilala kwa mama mmoja mwenye nywele nyeupe na daftari la wageni. Alituuliza nani apigiwe simu tukipatwa na jambo. Mwanaisha aliandika namba ya mama yake, Rukia ya kaka yake. Mimi niliandika namba ya Rukia.

"Wee Salha!" Mwanaisha alinong'ona. "Rukia si tuko naye hapa? Tukianguka sote huyu mama atampigia nani?"

Mwenye nyumba alisoma, akanitazama juu ya miwani. Nilisumbuliwa na jicho lile hadi asubuhi.

Ijumaa, stesheni, tulichelewa. "Yalla, yalla!" Mwanaisha alipiga kelele, akarukia behewa la mbele, Rukia nyuma yake na masanduku. Mimi miguu yangu ilikimbilia mwisho wa jukwaa. Sikuituma. Kwa miaka miwili ilikuwa imezoea metro ya Dubai, ambako wanawake na watoto tuna behewa letu mwishoni, tuliitalo Ladies, nyuma ya mstari wa rangi ya waridi uliochorwa sakafuni. Munich hakuna mstari. Nilijikuta miongoni mwa wanaume wenye baiskeli na mwanamke mmoja mwenye kikapu cha stroberi. Nilijaribu kupita ndani kwa ndani kwenda mbele, nikakuta katikati ya treni chumba cha dereva kilichofungwa. Nikamwandikia Rukia: "Niko nyuma. Tutaonana Salzburg." Tangazo lilipopita kwa Kijerumani, nilikuwa nikisahihisha sura ya tatu ya tasnifu.

Ndipo ukaja ule mlio. Kabla sijasimama, nusu yetu nayo ikaondoka.

"Unakwenda wapi?" mwanamke wa stroberi aliniuliza kwa Kiingereza cha polepole.

"Salzburg."

Alikutanisha viganja, kisha akavitenganisha. "Mbele, Salzburg. Sisi, Kufstein." Akaona uso wangu, akanisogezea kikapu.

Simu ikaita. Dubai ilikuwa saa saba na dakika kumi mchana, saa ambayo Shangazi hunipigia kila Ijumaa kuniuliza nimefika wapi na kuniambia kwamba wali umeiva. Jina lake liliwaka mkononi mwangu mpaka likazimika. Nikaandika: "Niko maktaba, Shangazi. Hapa hawaruhusu simu." Jibu lilikuja mara moja: "Haya mwanangu. Usisahau kula." Nilikuwa nimeshika stroberi ya mgeni, pasipoti yangu iko kwenye treni nyingine, na hapakuwa na mtu hata mmoja kwetu aliyejua niliko.

Ilinichukua saa tatu kurudi hadi kituo kile na kushika treni ya Salzburg. Askari wawili wa mpaka walipita behewani. Mmoja alinisalimia, wakaendelea.

Rafiki zangu walikuwa jukwaani, wameketi juu ya masanduku. "Salha wa Ladies!" Mwanaisha alilia kwa kicheko. "Ulikwenda kutafuta laini ya pinki Ujerumani?"

"Jamani mwacheni msomi," alisema Rukia. "Hiyo ndiyo shahada ya pili."

Nilicheka nao, halafu nikakaa chini, na Mwanaisha akanikumbatia bila utani tena. Mvua ilikuwa inanyesha. Nilivaa soksi.

Siku zilizofuata ndizo ninazozikumbuka sana sasa, Mwanaisha akiwa Mombasa na Rukia Muscat: mashamba ya alizeti ya Hungaria ambayo hayakuisha, Mwanaisha amelala begani kwa Rukia mdomo wazi, sisi watatu tukigawana mkate mmoja na kubishana kuhusu kituo kinachofuata. Tulipanda behewa moja kila mara. Walinishika mkono kama mtoto, nami sikuutoa.

Alhamisi alasiri tulitua Dubai. Kwenye jukwaa la metro ya uwanja wa ndege nilisimama juu ya mstari wa rangi ya waridi, nikaacha treni mbili zipite, kisha nikapiga simu.

"Shangazi, sikuwa maktaba."

"Najua. Maktaba gani hiyo ya soksi za sufu?"

Nilimweleza yote: ramani, mlio, stroberi, simu niliyoitazama ikizimika. Nilimwomba radhi, nikamwambia kwamba Baba nitampigia mwenyewe usiku huohuo.

"Utampigia ukiwa hapa, nikikusikia," alisema. "Siku ile ulipotoka na soksi nilikufuata mpaka mlangoni, lifti ishashuka. Mtandio wako wa zambarau uliuacha kitini. Basi nikaunyanyua msahafu, nikaupitisha huo mtandio chini yake. Mara tatu."

"Mbona hukuniambia kama unajua?"

Nilisikia kijiko kikigusa sufuria.

"Ningekwambia," alisema Shangazi, "usingekwenda."