Nilivyofundisha Sheria ya Mupaka

Mimi niliacha masomo darasa la ine, na nilifundisha wanafunzi wa université. Nani mwingine mu kartie yetu ya Bel-Air anaweza kusema hivyo?

Ilikuwa wakati inchi inaanguka. Université ilifungwa, waaskari wanapora magazini na maduka, watu wanakimbilia Zambia. Walingojea mu depo yangu ya kamyo, kwa sababu kamyo yenye kufika kule ilikuwa yangu. Basi profesere mumoja wa sheria akaniletea wanafunzi wake, waelezee watu sheria ya kuingia inchi ya wengine. Akaniomba niwafundishe kusema na watu. Alichagua vizuri.

Mwanafunzi wa kwanza, kijana mwenye kravate shingoni, aliikaa na mama mumoja wa Ruashi. Bwana yake anatumika kazi Kitwe, kule Zambia. Waaskari wa Zambia walikuwa wamekwisha kumurudisha mama mupakani mara moja. Sasa ameuzisha kitanda mpaka sufuria, amebakia na kinu tu, hana tena nyumba ya kurudilia. Kijana akamumwangia sheria yote kama mvua.

"Mama, unasikia?"

"Ndiyo, mwana yangu."

"Umesikia yote?"

"Ndiyo."

Nikacheka mpaka nikashika ukuta. Kwetu, nani atamwambia mutu wa kravate kama hakusikia? Heshima inakataza.

"Weye, acha kumuuliza kama anasikia. Angalia!"

Nikavaa kofia ya shofere wangu, nikatokeza tumbo, nikawa askari wa mupaka.

"Mama, unaenda wapi?"

"Kutembea tu, shefu."

"Kutembea na kinu ku kichwa? Rudia Ruashi!"

Depo yote ikacheka, na mama pia. Lakini sasa akauliza mwenyewe: "Basi niseme nini?" Njo pale kijana alianza kufundisha kweli. Laissez-passer, ile karatasi ya kupitia mupaka, iko ya kwenda na kurudi tu. Mwenye kwenda kuikaa aombe kwanza visa ya kuikaa, hapa mu muji, kwenye konsila, biro ya serikali ya Zambia. Mama akaenda, akaomba, akapata. Na kila nilipovaa kofia, alinijibu kwa ukali zaidi.

Siku ya safari nilishika usukani mimi mwenyewe. Kasumbalesa, pa mupaka, askari mumoja mupya akaangalia visa ya mama: "Pita." Akaangalia laissez-passer yangu. Ilikuwa imekufa zamani, siku zake zimekwisha. Siku zote mimi napitaka na uso wangu tu.

"Hapa bote bananijua," nikamwambia.

"Mie sikujue."

Wanafunzi wanapenda kusimulia kama nilirudishwa. Uongo. Nilibaki huku kulinda kamyo, watu wakavuka kwa miguu. Ngambo, bwana ya mama alikuwa amekwisha kumupokea kinu. Mama akageuka, akapaza sauti mbele ya watu wote:

"Papa, karatasi tunatengenezaka kabla ya kupanda kamyo! Unasikia?"

"Ndiyo, mama."