Vichupa Vinne vya Damu ya Kobe

Mwanangu, bado naiona ile asubuhi ya ukungu kule Dranya, kwetu Koboko, mimi msichana nimepiga magoti kijitoni, na kobe wa maji ametulia mapajani mwangu kama mtoto mwenye usingizi. Ilikuwa miaka ya tisini. Sisi wa Koboko tulikuwa tumerudi kutoka ukimbizini Sudan, nami nikapata kazi kwa Daktari Candiru, mwanamke mwenyeji wa Adumi aliyechunguza nasaba za kobe.

Daktari alimtoa kobe yule tone la damu, akalitia kichupani, akamwachia aende zake. "Ndani ya damu iko vinasaba," alinieleza. "Kobe anapata kwa mama na baba. Tukilinganisha, tutajua hawa wa Dranya na wale wa Adumi waliachana zamani gani."

Maji yalikwenda taratibu. Nilitazama chini, nikahisi nawaona bibi zao wa kale wakipita.

Kazi yangu ilikuwa kuandika vibandiko vya vichupa, kila kimoja kikitaja kobe alikotoka, Dranya au Adumi. Siku moja mvua ikatunyeshea njiani, vibandiko vinne vikabanduka. Niliogopa kufukuzwa, basi nikavibandika tena kwa kubahatisha. Kobe wote si wanafanana?

Vichupa vikapelekwa maabara ng'ambo. Baada ya miezi mingi majibu yakaja: kobe wa Dranya na wa Adumi wamechanganyika, ndugu wa karibu kabisa. Daktari alifurahi hadi machozi, akaanza kuandika kwamba zamani mito ya pande hizo mbili iliungana. Chakula kilinishinda siku mbili. Siku ya tatu nikamwambia.

Aliweka kalamu chini. "Zamzamu, hizo vibandiko, wewe iko na uhakika?"

"Hapana, Daktari. Mimi nilibahatisha tu."

"Kama wewe hajui, sema hajui. 'Sijui' iko jibu. Ile wewe aliandika haiko jibu."

Hakunifukuza. Alichana kurasa zake, na kiangazi kizima tukarudi majini kutafuta kobe wengine. Safari hii majibu yalikuja kinyume: walitengana kale mno, kabla mtu yeyote hajavipa vijito vile majina. Nililia. Nusura niwape undugu wasio nao, na wasomi wangeuamini.

Basi, mwanangu, usibahatishe ili uonekane unajua. Na ukikosea, sema mapema, kabla mwingine hajajenga juu ya kosa lako. Aibu yake utaimaliza kwa siku chache. Uongo huendelea kukua hata ukiwa umelala. Mungu akupe ulimi mkweli na mwalimu mwenye subira, na kila mlango utakaobisha ufunguliwe kwa heri. Amina.